Ushahidi wa Ngozi: Mhadhara juu ya Sindano ya Homoni ya Ukuaji na Ubora Wake

(Ulitolewa Dodoma mbele ya wafamasia, wauguzi, walimu na wazazi, umepigwa chapa kwa ombi la waliohudhuria.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu mlioketi safu ya mbele, mabibi na mabwana, nanyi vijana mliosimama nyuma kwa uchache wa viti: mbukwenyi! Nimeanza kwa salamu ya wenye nchi kwa kuwa adabu ya mgeni ni kumwamkia mwenyeji kwa lugha yake kabla hajafungua mzigo wake. Na mimi, ingawa nimekaa katika nyanda hizi za kati muda wa kutosha kuyajua majira ya zabibu na majira ya vumbi, asili yangu ni pwani, na mtu wa pwani akiwa Ugogoni hubaki mgeni hata mvi zimfunike. Nakushukuru, Bwana Mwenyekiti, kwa maneno ya ukarimu uliyonitanguliza nayo, ambayo sikuyastahili yote, na nawashukuru waandalizi kwa kuikubali mada ambayo si ya kukusanya watu wengi jioni ya Ijumaa.

Muradi wa mhadhara huu ni mmoja, nao nitautaja mapema ili asiyeupenda apate wasaa wa kujiandaa kunipinga. Nataka kubainisha kwamba ngozi ya mtu aliyedungwa sindano ni shahidi, naam, lakini ni shahidi apigaye kelele kwa jambo dogo na kunyamaza kwa jambo kubwa. Na kwamba dawa ya namna ya homoni ya ukuaji, ambayo kasoro yake huchelewa mno kudhihiri, haiwezi kuhukumiwa kwa ushahidi wa ngozi peke yake, wala kwa uzuri wa sanduku lake, wala kwa kiapo cha aliyeiuza.

Labda yupo anayejiuliza kimoyomoyo: tuna malaria, tuna kisukari, tuna uhaba wa maji, hiyo homoni ya ukuaji imetoka wapi hata ikatuketisha hapa? Swali hilo lina insafu. Dawa hii hutufikia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa kliniki, anakopita mtoto ambaye tezi yake haitoi homoni ya kutosha, naye ni adimu, kwani hukadiriwa kuwa mmoja katika kila watoto 4,000 hadi 10,000. Na tangu mwaka 2008, pale Nairobi palipofunguliwa kituo cha kuwafundisha madaktari wa Afrika elimu ya tezi za watoto, matabibu wa kumtambua mtoto huyo wameongezeka katika nchi zetu. Mlango wa pili hauna bawabu. Huo ni mlango wa simu ya mkononi na wa jimu za kutunishia misuli, ambako kichupa hutolewa begini pasipo karatasi ya daktari, pasipo barafu, na aghalabu pasipo ukweli. Mimi nashughulika na milango yote miwili, kwa sababu dhiki ya mahali pa sindano huweza kumpata aliyepita huku na aliyepita kule, na kwa macho ya kawaida hutambui nani alipita wapi.

Hoja ya kwanza: asili ya dawa hii, na funzo lililolipiwa kwa roho za watu

Chini ya ubongo, nyuma ya mzizi wa pua, ipo tezi isiyofikia uzito wa gramu moja, iitwayo pituitari, nayo hutoa homoni kadha wa kadha, mojawapo ikiwa hii ya ukuaji, ambayo kwa umbo ni protini ya asidi za amino 191 zilizoungana kwa mpangilio usiokubali kuchezewa. Neno hilo, protini, naomba mlishike, kwa kuwa nusu ya nitakayoyasema yatokana nalo. Protini ikimezwa humeng'enywa tumboni sawasawa na nyama na maharage, ndiyo maana dawa hii haina njia ila ya sindano, na yeyote anayewauzieni vidonge au matone ya homoni ya ukuaji amekwisha kujitangaza kuwa mwongo kabla hamjamwuliza bei. Tena protini ikipata joto, ikiganda, au ikitikiswa kwa nguvu, umbo lake huvurugika. Na mwili ukiiona kuwa ngeni huweza kuiundia kingamwili, yaani askari wa kuipinga.

Insulini ya ng'ombe na ya nguruwe ilimfaa mwanadamu kwa miaka mingi, lakini homoni ya ukuaji ya ng'ombe haikumfaa. Kwa hiyo mwaka 1958, tabibu Maurice Raben wa Boston alipotoa habari ya kijana wa miaka 17 aliyerefuka kwa matibabu yake, dawa yenyewe ilikuwa imekamuliwa katika tezi za maiti. Jambo hili lilienea. Marekani, kati ya mwaka 1963 na 1985, watoto wapatao 7,700 walitibiwa kwa homoni iliyokusanywa hivyo chini ya mpango wa taifa. Uingereza walitibiwa zaidi ya 1,800. Na Ufaransa vilevile ikawa na watoto wake. Walikua. Wazazi walishukuru. Kisha mwaka 1985 zikaanza kutoka habari za vijana walioyumba katika mwendo, wakapoteza maneno na akili, wakafa kwa maradhi ya ubongo yaitwayo Creutzfeldt-Jakob, yatokanayo na protini iliyopotoka umbo, ambayo baadhi ya tezi zile za maiti zilikuwa nayo na ambayo wakati ule hapakuwa na njia ya kuipima. Katika muda wa miezi michache Marekani na Uingereza zikasimamisha matumizi ya homoni ya maiti. Lakini sumu ilikuwa imekwisha kuingia, na kwa kuwa maradhi hayo hukaa kimya miaka kumi, ishirini, hata zaidi ya thelathini, vifo viliendelea kuhesabiwa mpaka vikapita 200 duniani, wengi wao wakiwa Wafaransa, Waingereza na Wamarekani.

Sasa, mabibi na mabwana, lizingatieni jambo hili. Hapakuwa na jipu, wala joto, wala muwasho wowote mahali pa sindano uliotoa habari ya msiba ule. Shahidi wetu, ngozi, aliulizwa kila jioni kwa miaka mingi, na kila jioni alijibu kwamba hajaona kitu.

Linganisheni na mambo ya Toronto, tarehe 11 Januari 1922, siku ambayo kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, aliyekuwa akififia kwa kisukari, alidungwa kwa mara ya kwanza dondoo ya kongosho, yaani insulini ya mwanzo, iliyotayarishwa na watafiti Banting na Best. Sukari ilishuka kidogo tu, na mahali pamoja pa sindano pakafanya jipu, jipu lisilo na vijidudu, lililoletwa na takataka za dondoo yenyewe. Ngozi ilipiga kelele. Matabibu wakasikia, wakasimamisha dawa. Mwanakemia Collip akaisafisha. Na tarehe 23 ya mwezi uleule kijana akadungwa tena na kuanza kunyanyuka. Huko ngozi ilisema kweli na ikaokoa roho. Kule kwa homoni ya maiti ilinyamaza, na kunyamaza kwake kukadhaniwa kuwa ithibati ya usafi. Mtu akiniambia, "Mimi nimejidunga mwezi mzima wala sijavimba, basi dawa yangu ni safi," huwakumbuka watoto wale.

Mwezi Oktoba mwaka 1985 Marekani iliruhusu homoni mpya, isiyotoka kwa maiti bali iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa maagizo ya kijeni ya binadamu. Toleo lile la kwanza lilikuwa na asidi moja ya amino ya ziada, 192 badala ya 191, na tofauti hiyo ndogo ilitosha kuufanya mwili wa wagonjwa wengi zaidi uiundie kingamwili kuliko zilivyofanya homoni za baadaye zilizo na umbo kamili la asili. Nimelitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba katika dawa za namna hii "karibu sawa" ni sawa.

Hoja ya pili: mahali pa sindano, na namna ya kumhoji shahidi

Sisi watu wa Afrika Mashariki tuna mapenzi ya zamani na sindano, na mapenzi hayo yana tarehe. Katika miaka ya 1920, wakati wa kampeni za buba, watu wa Tanganyika na Kenya waliona vidonda vilivyowatesa miaka mingi vikifutika katika siku chache baada ya sindano za bismuthi na za arseniki, na baadaye penisilini ikaja kuithibitisha imani hiyo. Tangu hapo, mgonjwa aliyepewa vidonge hurudi nyumbani akinung'unika kwamba hakutibiwa. Wapo hata leo wanaosema sindano isiyouma haina nguvu. Tumeyalipia mapenzi hayo. Katika wilaya ya Kumi, mashariki ya Uganda, madaktari wa mifupa wameandika habari za watoto wengi ambao misuli ya matako imekakamaa ikawa makovu, hata hawawezi kuchuchumaa wala kuketi sawasawa, na sababu inayotajwa ni sindano za mara kwa mara za msulini, hasa za kwinini, walizodungwa wakiwa wadogo.

Homoni ya ukuaji haidungwi msulini kwa mkono mzito wa namna ile. Hudungwa chini ya ngozi, kwa sindano fupi na nyembamba, pajani, tumboni, au juu ya tako, kila jioni, kwa miaka. Fikirini hesabu hiyo: jioni 365 kwa mwaka. Hata mkono mwema kiasi gani, mahali pamoja pakidungwa mfululizo patalalamika. Mafuta ya chini ya ngozi hupungua pakabaki shimo, au kwa wengine, hasa watumiaji wa insulini, huongezeka pakawa na kigimba, na dawa inayoingizwa hapo hufyonzwa kwa mwendo usiotabirika. Dawa ya jambo hili haiuzwi dukani. Ni kuhamahama: leo paja la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa tumbo, na mzazi aandike.

Jambo ambalo vitabu vyetu vingi havikutuandikia sisi ni habari ya rangi. Vitabu vilivyotungwa Ulaya husema: tazama wekundu. Ngozi nyeusi haitoi wekundu kwa urahisi. Inaweza kuonekana imeiva zaidi, au ina mng'ao wa kuvutika, au isionyeshe badiliko lolote la rangi ilhali chini yake pamewaka. Muuguzi wa Bahi au wa Manyoni anayengoja wekundu atangoja mpaka usaha. Na aguse kwa mgongo wa mkono apime joto, alinganishe upande na upande, abonyeze taratibu aone kama ni pagumu na kama mtoto anajikunyata.

Na anapomhoji shahidi huyu, amwulize kwanza saa. Uchungu unaokuja papo hapo na kutoweka kabla ya kulala aghalabu hutokana na mambo mepesi: spiriti haikukauka, dawa imetoka kwenye friji ikiwa baridi kali, au ndani ya maji ya kuchanganyia mmetiwa kihifadhi kama metakresoli, ambacho huchoma. Kelele hiyo ni kubwa na maana yake ni ndogo. Uvimbe unaokua siku ya pili na ya tatu, wenye joto, wenye kuuma zaidi badala ya kupungua, na homa ikafuatana nao, huo ni wa bakteria walioingia kwa mkono mchafu, kwa sindano iliyotumika, au kwa kichupa kilichotobolewa mara nyingi pasipo kufutwa, na mwenyewe asikae nyumbani kuukanda kwa maji ya moto. Uvimbe unaochomoza baada ya majuma, mgumu, wa polepole, usiosikia dawa za kawaida za kuua bakteria, humfanya tabibu mwenye hadhari awashuku ndugu wa kifua kikuu wanaoishi katika maji, na hapo swali la kuuliza ni maji gani yalitumika kuchanganyia unga. Wako waliochanganya kwa maji ya kunywa ya chupa, wakidhani kilichofungwa kiwandani ni safi kwa kila kazi. Maji ya sindano ni kitu kingine kabisa. Ama mabaka ya kuwasha mwili mzima, uso kuvimba na pumzi kubana, hayo si ya kuhojiwa: ni ya kukimbiza hospitali.

Hata dawa ambayo vijidudu vyake vyote vimekufa haijawa salama kwa sababu hiyo. Homoni hii hutengenezwa ndani ya bakteria, na maganda ya bakteria hao, yasiposafishwa kiwandani, husababisha homa na uvimbe ingawa hakuna kilicho hai ndani ya kichupa. Kiwanda cha haki hupima sumu ya maganda hayo kwa kila toleo. Anayejaza vichupa uani hapimi kitu.

Hoja ya tatu: ubora, joto, na dawa ambayo kasoro yake huchelewa

Watu huchanganya dawa duni na dawa bandia. Duni ni ile iliyotoka kwa mwenyewe halali lakini haikutimiza kipimo, ama kwa uzembe wa kiwanda ama kwa kuharibikia njiani. Bandia ni ile iliyoghushiwa kwa kusudi, ikapewa jina na asili isiyokuwa yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban moja katika kila bidhaa kumi za tiba ni ya moja ya aina hizo mbili. Wala tusidhani uovu huu unakaa vichochoroni tu: mwaka 2012, dawa bandia za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikutwa katika hospitali ya wilaya ya Tarime, ndani ya nyumba ya Serikali, mahali ambapo mgonjwa hana sababu ya kushuku.

Homoni ya ukuaji ina vishawishi vyote vya kughushiwa. Ni ghali, hutumiwa kwa siri na wanaojua kwamba hawana idhini, na mtu wa namna hiyo hatakwenda polisi kulalamika, na ndani ya kichupa ni unga mweupe kidogo ambao macho hayawezi kuutofautisha na unga mwingine. Marekani, mwaka 2001, vilikamatwa vichupa vyenye jina la homoni hii ambavyo ndani yake mlikuwa na insulini. Mtu mwenye afya akijidunga insulini akidhani ni homoni, sukari yake huweza kushuka akaanguka asiamke. Wauzaji wengine hutia homoni ya mimba, iliyo rahisi kupatikana, na ndiyo maana mtaona vijana wa jimu wakitumbukiza kipimo cha mimba ndani ya kichupa. Kipimo kikikataa, hushangilia. Vijana wangu mlio nyuma, nawaona mnacheka. Lakini kipimo hicho kimewaambieni kwamba hilo moja halimo. Hakikuwaambieni kilichomo.

Nakuja kwenye joto, ambalo hapa Dodoma si jambo la nadharia. Mwezi Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanguka, jua la alasiri huvuka nyuzi 30, na chini ya bati huvuka zaidi. Dawa hii, kabla na baada ya kuchanganywa, kwa kawaida huamriwa kuwekwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kutoka Dar es Salaam kuja hapa ni zaidi ya kilomita 400. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, kisanduku cha barafu huweza kufika kabla barafu haijaisha, lakini hapo pana hatari ya upande wa pili ambayo wabebaji wengi hawaijui, nayo ni kichupa kugusana na barafu. Wao huona kwamba ikiwa baridi ni njema, baridi zaidi ni njema zaidi. Sivyo. Dawa iliyoganda ikayeyuka huweza kuonekana safi kama mwanzo ilhali protini yake imejikunja na kushikamana, na itupwe.

Nisimame kidogo kwenye mtungi, kwa sababu najua nitaulizwa. Wazazi wa watoto wenye kisukari wasio na friji wamefundishwa kuhifadhi insulini katika chungu cha udongo chenye maji, na jambo hilo ni la busara, hasa katika hewa kavu ya nyanda hizi, ambako maji huvukizwa upesi na chungu kupoa kuliko kinavyoweza kupoa Tanga au Unguja kwenye unyevu. Tena, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakishirikiana na Madaktari Wasio na Mipaka waliyapima majoto ya nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, kaskazini ya Kenya, wakatangaza mwaka 2021 kwamba insulini iliyopitishwa katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa muda wa majuma manne haikupoteza nguvu yake. Habari hiyo ni ya faraja kubwa. Lakini ni habari ya insulini. Homoni ya ukuaji ni protini nyingine, yenye udhaifu wake, na mtungi, hata ule upoao vizuri kabisa, hauifikishi kwenye nyuzi 8. Msichukue fatwa ya moja mkaihukumia nyingine.

Liko pia suala la mkono wa muuguzi. Wauguzi wa umri wangu walifunzwa kuitikisa penisilini ya PPF mpaka itoe povu, na chupa za dawa za watoto zimeandikwa "tikisa kabla ya kutumia". Mkono uliozoea hivyo ukikutana na homoni ya ukuaji hufanya vilevile, na povu lile ndiyo alama ya protini inayovurugika. Maji yamiminwe taratibu ukutani mwa kichupa, kizungushwe viganjani, kingojwe. Kikiwa na mawingu au chembe, kisitumike.

Na sasa nafika kwenye kiini cha hoja hii. Insulini iliyoharibika hujifichua kwa siku moja au mbili: sukari hupanda, mtoto huona kiu, mama hujua. Homoni ya ukuaji iliyoharibika haijifichui hivyo. Mtoto hali vibaya, halali vibaya, havimbi, hana homa. Hadungwi ila maji, na kila mtu ameridhika. Shahidi pekee atakayesema ni fimbo ya kupimia urefu, nayo husema baada ya miezi sita. Mtoto mwenye upungufu wa kweli, aliyekuwa akirefuka sentimita 3 au 4 kwa mwaka, akipata dawa ya kweli huweza kufikia 8, 10 na zaidi katika mwaka wa kwanza. Asiporuka hivyo, na kipimo cha damu cha IGF-1, kionyeshacho kazi ya homoni hii, kisipopanda, basi kabla hatujamlaumu mtoto kwa kuruka dozi au mama kwa uzembe, tuulize habari za kichupa. Miezi sita ya utoto haikopesheki. Kwa dawa ambayo kasoro yake huchelewa hivyo, ulinzi wa mlangoni hauna budi kuwa mkali kuliko kwa dawa nyingine yoyote, kwa kuwa nyuma ya mlango hakuna atakayepiga mbiu.

Mlangoni hapo tuna walinzi, na insafu yataka tuwataje. Mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kusimamia chakula na dawa, ambayo tangu mwaka 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na makao makuu yake yako katika jiji hili letu, ilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani kwa maabara yake mwaka 2011, na mwezi Desemba 2018 Tanzania ikawa nchi ya kwanza barani Afrika kuthibitishwa na shirika hilo kufikia daraja la tatu la uimara wa udhibiti wa dawa. Lakini mlinzi huona kinachopita mlangoni. Kichupa kilichoingia ndani ya soksi za msafiri hakikupita kwake. Kwa hiyo palipotokea dhiki mahali pa sindano, kichupa kisitupwe! Kifungwe, kiwekwe kwenye baridi pamoja na sanduku lake, namba ya toleo inakiliwe, na ile fomu ya njano ya madhara ya dawa ijazwe. Mara nyingi taarifa huja bila kichupa, na taarifa bila kichupa ni kesi bila kielelezo.

Hoja ya nne: nani hana haja nayo

Hoja hii ni fupi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Watoto hao ni wafupi, na wazazi wenye uwezo kidogo wameanza kuuliza juu ya sindano. Jibu ni kwamba tezi zao hazina kosa; kilichowapungukia ni chakula cha kutosha na cha namna mbalimbali, tangu wakiwa tumboni, na maji safi, na kinga ya kuhara. Sindano ghali kwa mtoto aliyekosa maziwa na maharage ni mzaha, na katika nchi iliyoikumbuka njaa ya Mtunya kwa vizazi vitatu mzaha huo hauchekeshi.

Ama aliyekwisha kupevuka, ambaye ncha za mifupa yake zimekwisha kufunga, harefuki tena kwa homoni yoyote. Atakachoongeza, akizidisha, ni taya, viganja na nyayo, sukari ya damu, maji ya mwilini na maumivu ya viungo. Wanamichezo wameikimbilia, na imepigwa marufuku. Kipimo chake kilianza kutumika katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na mwaka 2010 mchezaji raga wa Uingereza, Terry Newton, akawa wa kwanza kufungiwa kwa kipimo hicho. Vijana wa riadha wa Singida na Manyara walifikirie hilo kabla ya kumsikiliza mwenye begi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami namalizia kwa yajayo.

Homoni hii ndiyo iliyofungua njia ya dawa za kibiolojia za kufanana, pale Ulaya ilipoidhinisha ya kwanza mwezi Aprili 2006, na zinazofuata zitakuwa nafuu, zitatufikia. Zimekwisha kuidhinishwa Marekani, tangu mwaka 2020, zile za kudungwa mara moja kwa juma, kwa hiyo jioni 365 zitakuwa 52, na kila sindano itabeba mzigo wa siku saba. Ikiwa mbovu, juma zima limepotea kwa pigo moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 2012 kuoanisha usajili wa dawa, na mkataba wa Wakala wa Dawa wa Afrika ulianza kutumika mwezi Novemba 2021. Maombi ya dawa hizi yatakapoletwa mezani, watakaoyapima wawe na watu waliozijua protini.

Huku kwetu sihitaji kungoja mikataba. Napendekeza kila kliniki ya kanda hii inayodunga insulini au homoni iwe na daftari moja lenye safu tano: jina la dawa, namba ya toleo, mahali ilipodungwa, joto la friji siku hiyo, na yaliyoonekana baadaye, na mara moja kwa mwezi madaftari ya wilaya yasomwe pamoja, ili uvimbe wa mtoto mmoja Mpwapwa na wa mwingine Kondoa, ukitokana na toleo moja, ujulikane kuwa ni habari moja. Daftari ni la shilingi chache, na waliokuja kutoka wilayani wamo humu. Ningeomba, Bwana Mwenyekiti, kama itakupendeza, wa kwanza kupewa nafasi wawe wauguzi wa Kongwa na Chemba walioketi pale dirishani, watuambie ni nani kwao atakayelishika daftari hilo, na funguo za friji ziko kwa nani siku za Jumapili.